Mitamba wa Mzee Luhende

Wajukuu zangu mnaofanya kazi ya chanjo pale Iyunga, mkubwa wenu amenitumia ujumbe kwamba nije nizungumze nanyi. Anataka niwafundishe namna ya kuongea na wazazi wanaowakatalia watoto wao wakubwa sindano. Amesikia kwamba zamani, huko Usangu, nilikuwa hodari wa kuongea. Magoti yangu hayataki tena kupanda gari, kwa hiyo nimekaa hapa kibarazani Ilomba na daftari la mjukuu, niwaandikie. Na nianze kwa kukubali kwamba mkubwa wenu amesikia sawasawa. Nilikuwa hodari kweli, na hiyo ndiyo habari mbaya niliyonayo.

Najua mnayoyapata. Mmetoka kwenye lile gonjwa lililofunga dunia, watu wamechoka hata kulisikia neno chanjo, halafu nyinyi mnaingia na sindano ya wasichana, ile ya kuzuia saratani, na mama mmoja anawatolea macho. Mdogo sawa, mkubwa hapana. Mnarudi kituoni mmenuna kana kwamba nyinyi ndio wa kwanza kukataliwa. Sisi tuliyapata hayo hayo miaka ya sabini, baada ya kipindupindu. Tena wazazi wetu walikuwa na sababu nzuri kuliko za hawa wenu, maana nyingine tuliwapa sisi wenyewe.

Mimi nilizaliwa Iringa mjini. Baba yangu aliuza vitambaa, na wazee wake walitoka Kilwa, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili tu, kile cha kubembeleza, chenye maneno mengi kuliko haja. Nilipoanza kazi upande huu wa Mbeya, wenzangu walikuwa Wanyakyusa, Wabena, Wasafwa, kila mmoja na lugha ya mama yake mdomoni. Kikitokea kijiji kigumu walisema, "Mpelekeni Zuhura, huyo anaweza kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe." Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na nilipenda kusifiwa kuliko nilivyopenda kula.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Mwakalinga, Mnyakyusa mrefu, mkali, aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi hata njia ikiwa tope tupu. Nyinyi mnafungua pakiti, mnachoma, mnatupa. Sisi sindano moja ilimaliza mtaa mzima. Mabomba yalikuwa ya kioo, na kila asubuhi tuliyachemsha pamoja na sindano zake katika sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Wiki yangu ya kwanza niliyachemsha bila kuyafungua, matatu yakapasuka. Mwakalinga alisimama akaitazama ile sufuria kwa muda, kisha akaniuliza kama kwetu Iringa vioo ni mboga.

Sindano zikiwa butu tulizinoa kwenye jiwe dogo lililopakwa mafuta, halafu tukazipitisha kwenye pamba. Ikinasa nyuzi, bado ina kijino, unarudi jiweni. "Mtoto akilia kwa sababu ya dawa, sawa," alikuwa akisema. "Akilia kwa sababu wewe mvivu, nakufukuza kazi hii." Mpaka leo nikishika sindano ya kushonea naipitisha kwanza kwenye pamba, na wajukuu wananicheka.

Na friji. Ilikuwa ya mafuta ya taa, imekaa kwenye kona ya kituo chetu huko Usangu, na mwenye kuilisha alikuwa mimi. Kwa chini kulikuwa na utambi, na kila asubuhi nililala kifudifudi kwenye sakafu kuutazama mwali wake. Mwali wa buluu ni mzuri. Wa njano unatoa masizi, na friji inapata joto. "Dawa ni kama maziwa," Mwakalinga aliniambia, "ikipata joto imeharibika." Hilo la joto alinifundisha mpaka nikaliota. La baridi hakunifundisha, kwa sababu na yeye hakufundishwa. Lishikeni hilo, maana nitalirudia.

Kipindupindu kilipofika, barabara kuu iliwekewa kizuizi pale Igawa, na abiria hakupita bila kadi ya sindano. Siku zile hatukumbembeleza mtu. Wanaume wazima walisukumana na wanawake wenye watoto mgongoni. Tuliwachoma wote, wakubwa kwa wadogo, na tukawaambia kwamba ukishachomwa hii kipindupindu hakikupati. Huo ulikuwa uongo. Ile sindano ilisaidia nusu nusu, na sisi tulijua, lakini foleni ilikuwa ndefu na jibu fupi ndilo lililoisogeza. Waliochomwa wakaugua, wengine wakafa, na wenzao wakaona kwa macho yao.

Juu ya hapo mikono ilivimba na homa zikapanda, na ulikuwa msimu wa kupandikiza mpunga. Mtu aliyeshindwa kuinama shambani siku tatu hamsahau aliyemchoma. Kulikuwa pia na mwanamke mmoja mjamzito aliyepata homa baada ya sindano yetu, mimba ikatoka. Kama ilikuwa sindano au ilikuwa malaria, hakuna aliyejua. Habari yake ilizunguka bonde lote la Usangu kabla gari letu halijawashwa.

Gonjwa lilipotulia tukaletewa kazi mpya. Watoto wadogo wapate surua na zile nyingine za kawaida. Wasichana wanaokaribia kuolewa wapate ya pepopunda, mara mbili, ili siku wakizaa mtoto asije akafa katika wiki yake ya kwanza. Kwa wadogo wazazi walinung'unika wakakubali. Kwa wasichana walisimama mlangoni. Pale pale karibu na kituo, jirani yangu wa kuombana chumvi alinieleza bila kupepesa macho, "Hako kadogo ni kako, Zuhura, kachome utakavyo. Lakini huyu mkubwa si wangu tena, huyu ni wa watu. Tumbo likigoma huko aendako, nitawaambia nini?"

Sikumcheka. Mtoto mchanga ni wa mama yake, lakini msichana wa miaka kumi na tano alikuwa ameshaahidiwa kwa wengine, na mzazi aliogopa kupeleka kitu kilichoharibika. Kama mnataka kuwaelewa wazazi wenu wa leo, anzeni na hofu hiyo, haijabadilika sana.

Sasa nawapeleka Madibira. Mzee Luhende alikuwa Msukuma aliyeshuka kutoka kaskazini na ng'ombe wake na familia yake, akajenga boma pembeni ya kijiji. Wahamiaji wenzake walimsikiliza, akisema twende walikwenda. Mdogo wake alichomwa sindano yetu pale Igawa na akafa kwa kipindupindu, kadi ikiwa mfukoni. Mwenyewe alikuwa na mabinti wawili waliokua, Minza, wa miaka kama kumi na sita, na mdogo wake Kabula, wa kumi na minne.

Safari ya kwanza alinikaribisha maziwa mgando, akasikiliza maneno yangu matamu mpaka mwisho, akajibu, "Nimesikia, mayu." Mayu kwa Kisukuma ni mama, na kuitwa hivyo na mzee kama yule ni heshima. Nikarudi na heshima yangu na kasha la dawa limejaa kama lilivyokwenda.

Safari ya pili tulikuta watu wamejazana kwenye zizi kubwa la kijiji. Bwana mifugo alikuwa anachanja ng'ombe dhidi ya kimeta. Vijana wanashika pembe, wazee wanaelekeza kwa fimbo, kila mtu anacheka. Hakuna aliyekataa. Kuna waliotembea tangu alfajiri ili ng'ombe wao wasikose. Nilisimama pale na kasha langu la barafu begani, nikamwonea wivu. Halafu nikapata akili, au kitu nilichodhani ni akili.

Nikapanda juu ya gogo. "Wazee wangu," nikasema, "kimeta kilipopita, ng'ombe wa nani walipona?"

"Waliochanjwa!"

"Na ndama wenu mnawaleta hapa kwa nini, na hawaumwi?"

"Wasiumwe kesho!"

"Basi mnishangilie na mimi. Mimi ni bwana mifugo wa watoto. Hii niliyobeba ni ile ile yake, ila sindano yangu ndogo."

Walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Mzee mmoja akapiga kelele kwamba kama ni hivyo nianze na mke wake, maana yule ana pembe. Mzee Luhende naye alicheka, akagonga fimbo chini, akawaambia wanawake, "Leteni ndama!" Na kweli waliletwa. Watoto wa miaka miwili, wa minne, wa sita, walikuja wamebebwa, wanaburutwa, wanapiga mateke. Mwakalinga, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, alinishika bega akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga." Asante. Nilijiona nimefika.

Minza alikuwa kwenye foleni ile. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne na alikwisha kuona watu wakichomwa shuleni, kwa hiyo hakuogopa. Alikunja mkono wa gauni mwenyewe mpaka begani.

"Nesi, inauma?"

"Kama siafu mmoja," nikamwambia, nikampaka spiriti.

Nilikuwa nashusha sindano baba yake alipomwita. Hakumkaripia, alimwita tu kwa Kisukuma, maneno machache. Minza akanitazama, akakunjua gauni juu ya spiriti ambayo haijakauka, akatoka kwenye foleni.

Nilimfuata Mzee Luhende. "Mzee wangu, mbona huyu umemtoa? Huyu ndiye hasa niliyemfuata."

"Mayu, bwana mifugo amesema nini leo? Amesema mtamba yenye mimba usilete, mtamba inakaribia kupandwa usilete, sindano itatupa mimba. Si tumesikia wote?"

"Tumesikia. Lakini hayo ni ya ng'ombe."

Alinitazama kwa upole, kama anamsaidia mtoto hesabu. "Si umesema ni ile ile? Ndama nimekupa zote, chukua. Minza ni mtamba yangu. Ng'ombe ya mahari yake imeshaingia zizini hapa. Yule mke ya jirani, mlimchoma, mimba ikatupwa. Ndama sawa. Mtamba hapana."

Nilikuwa na la kusema. Ningeweza kupanda tena gogoni niseme, wazee wangu, nimetania, si ile ile, hii ya wasichana haitoi mimba, inamlinda mtoto atakayezaliwa. Lakini nyuma yangu foleni ilikuwa bado ndefu. Kama ningesema si ile ile, wale mama wangewabeba watoto wao warudi nyumbani, na mwezi unaofuata kwa sindano ya pili wasingekuja. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba daftari langu la majina lilikuwa linajaa na nilipenda linavyojaa. Nikamwambia, "Haya, Mzee, tutaongea siku nyingine." Hiyo siku nyingine sikuitafuta.

Wazazi hawakatai kwa ujinga kama mnavyosema mkiwa kantini. Mzee Luhende alifuata hatua kwa hatua neno nililompa mwenyewe, akafika mahali ambapo mimi sikuangalia. Katika bonde zima la Usangu hakuna aliyenisikiliza kwa makini kuliko yeye.

Mwaka uliofuata, mpunga unavunwa, mkokoteni wa ng'ombe ulisimama mbele ya kituo chetu. Alishuka Minza na mama mkwe wake. Minza alikuwa amebeba mtoto wa siku saba aliyeacha kunyonya tangu jana yake. Kinywa cha yule mtoto kilikuwa kimekaza. Ukimgusa mguu, au mlango ukijibamiza, mwili wote ulijikunja kwa nyuma. Sitaeleza zaidi. Wengi wenu hamjauona ugonjwa huu wa pepopunda, na namwomba Mungu mstaafu bila kuuona.

Mama mkwe alieleza bila kuficha kitu. Kitovu walikikata kwa kisu cha nyumbani na kukipaka mavi ya ng'ombe kikauke upesi, kama alivyopakwa yeye, na mama yake kabla yake. Nilitaka kumfokea. Mwakalinga alinivuta gauni. Tulimfunika mtoto, tukaziba dirisha lisipitishe mwanga, tukamdondoshea maji kidogo kidogo kwa pamba. Kesho yake kabla ya adhuhuri alikufa.

Minza hakulia mbele yangu. Alikuwa anakunja nguo ya mtoto, anaikunjua, anaikunja tena. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nesi, siku ile ulinipaka ile ya baridi mkononi. Ungenichoma, huyu angekuwepo?"

Mimi, mwenye kumuuzia mtu kivuli chake, nikamjibu, "Ni kazi ya Mungu, mwanangu." Baba yangu alikuwa mtu wa swala tano. Angenisikia siku ile angenichapa, kwa kumsingizia Mungu kazi yangu.

Ilikuwa Julai, baridi imeshuka hadi bondeni, Mzee Luhende alipokuja. Alikuja kwa miguu, amevaa kanzu iliyoingia vumbi mpaka magotini, na nyuma yake Kabula na wasichana wa maboma ya jirani, wamejifunga shuka. Hakuketi.

"Mayu, nimefikiri sana. Ng'ombe ni ng'ombe, mtu ni mtu. Nilikosea mimi. Mtoto ya Minza nimeua mimi. Hawa choma wote."

Nilipaswa kumwambia hapo hapo, hukukosea wewe, Mzee, nilikosea mimi. Sikusema. Nilikimbilia friji kwa furaha, kama mtu aliyesamehewa.

Sasa narudi kwenye baridi. Miezi kadhaa kabla, Mwakalinga alikuta mwali umekuwa wa njano akanisema mbele ya watu. Tangu siku ile nikaapa friji yangu haitapata joto tena. Nikapandisha utambi, na chupa za dawa nikazisogeza nyuma kabisa zigusane na barafu. Nilipozitoa siku ile ya Mzee Luhende zilikuwa zimeganda, ngumu kama mawe. Mjue kwamba nilifurahi. Nilimwonyesha Mwakalinga, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaziyeyusha viganjani mwangu. Ndani kulikuwa na vipande vyeupe vinavyoelea, mfano wa maziwa yaliyokatika. Nikatikisa, nikavuta, nikachoma. Kabula alikuwa wa kwanza. Mwezi uliofuata nikawachoma ya pili, kutoka friji ile ile, na Mzee Luhende akaniletea kibuyu cha maziwa. Mwaka mzima nililala usingizi mzuri.

Kisha tukaitwa semina Iringa. Mwalimu alikuwa kijana mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya kukwaruza. Alishika chupa mbili za pepopunda, akazitikisa, akaziweka mezani tuzitazame. Moja ilibaki na ukungu uliolingana. Nyingine ilianza kutuama, vipande vyeupe vinashuka chini polepole, na juu panabaki maji.

"Hii iliganda," akasema. "Ya pepopunda ikiganda imekufa. Ukimchoma mtu, umemchoma maji."

Wenzangu wakaandika. Mimi nikaweka kalamu chini. Niliuliza kama haisaidii hata kidogo. Akasema, "Usiitegemee, dada," akaendelea na somo.

Niliporudi nilimweleza Mwakalinga. Alikaa kwenye ngazi za kituo na kaptura yake iliyonyooka. Nadhani ndiyo mara pekee niliyomwona amezeeka. Kisha akasema, "Nenda, lakini usiwaambie. Waambie hii ni ya tatu, ya kuongeza nguvu. Watanyoosha mikono, utawachoma, imekwisha."

Niliyafikiria maneno yake njia nzima ya Madibira, kasha la barafu magotini, chupa nimezifunga kwenye kitambaa zisiguse barafu. Lakini nilikuwa nimechoka na ulimi wangu. Nikasema mara hii moja, kwa ajili ya Minza, nitasema jambo kama lilivyo.

Mzee Luhende alikuwa langoni pa boma. Kabula alikuwa amesimama nyuma yake, ameolewa, amerudi kujifungua uzazi wa kwanza kwa mama yake, tumbo limeshuka. Nilisalimia. Sikukaa, sikunywa maziwa, sikubembeleza.

"Mzee, ile dawa niliyowachoma wasichana ilikuwa imeharibika. Niliiharibu mimi mwenyewe, kwa baridi. Wamekaa bila kinga miezi yote hii. Nimeleta nzuri. Naomba nianze na Kabula sasa hivi, hata leo si mapema."

Akachora chini kwa ncha ya fimbo.

"Ulipowachoma, ulijua imeharibika?"

"Sikujua."

"Na ile siku ya ng'ombe, uliposema ni ile ile, ulijua si ile ile?"

"Nilijua."

"Na ile ya kipindupindu, mdogo wangu alichomwa Igawa. Mlijua inaweza kushindwa?"

"Tulijua, Mzee."

Akatikisa kichwa. Nilisubiri anifokee, nilitamani anifokee. "Mayu," akasema, "wewe unaongea vizuri sana. Leo ndiyo umeongea vizuri kushinda siku zote. Lakini mara tatu mmenipa neno na mara tatu neno likageuka. Sasa hii ya nne nikamate wapi?"

Nyuma yake Kabula alikuwa ameshaanza kukunja mkono wa gauni. Aliukunja kama dada yake, mpaka begani. Baba yake akageuka akamwambia maneno machache kwa Kisukuma. Nadhani yalikuwa yale yale. Akaukunjua, akaingia ndani. Mzee Luhende akaziteremsha zile nguzo za lango, moja baada ya nyingine, bila haraka, kama anafungia ng'ombe.

Nikapiga kelele juu ya ua, sina tena utamu wowote. "Basi angalau wembe mpya, Mzee! Uchemshwe! Na kitovu msipake kitu, msipake kitu chochote!"

"Nimesikia, mayu," akajibu kutoka ndani.

Hiyo ndiyo elimu yangu ya kuongea na wazazi. Sijui kama Mwakalinga hakuwa sahihi. Ningedanganya mara moja zaidi, Kabula angenyoosha mkono, na leo ningewaandikia kitu kingine. Nimelipindua jambo hili miaka yote na halina upande mzuri. Mkubwa wenu asinihesabu kati ya watu wa kuwafundisha kushawishi. Noeni kazi yenu, tazameni friji yenu, na mzazi akikuulizeni kitu msichokijua, semeni hamkijui, hata foleni ikivunjika. Zaidi ya hapo sina.

Nilibaki Usangu miaka mingi baada ya siku ile. Watu wa Madibira walikuja mnadani na mpunga wao na ng'ombe wao, na wengine walitoka maboma ya upande wa Mzee Luhende. Niliwasalimia wote. Niliwauliza habari za mvua, za mazao, za malisho, za bei, niliuliza mpaka wakanishangaa. Habari za Kabula sikuziuliza hata mara moja.